Siku moja na neno diffident

Saa 2 asubuhi

Ninaandika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda nikiwaza maneno mazito, kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kusoma mistari iliyokatika. Nafungua kompyuta, naingia kwenye korpasi, yaani ghala la matini halisi za Kiingereza, naandika kidahizo cha leo, yaani neno linaloelezwa kwenye kamusi, na skrini inajaa vipande vya sentensi, neno langu likiwa katikati ya kila kimoja.

Kidahizo chenyewe ni diffident. Kwenye faili kuna rasimu ya zamani iliyoachwa na aliyenitangulia, fupi kama risiti: “-enye haya, -oga.” Haya inaweza kujadiliwa. Hilo -oga halitaona jioni.

Saa 3

Nasoma. Jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba kivumishi hiki hupenda kukaa na namna ya mtu kujiwasilisha: tabasamu, sauti, jinsi ya kuongea, jinsi ya kuingia chumbani. Unakuta *a diffident smile*, *a diffident manner*, *a diffident young man*. Kikihitaji kihusishi, mara nyingi huchukua *about*: *She is diffident about her singing*. Anaimba, labda anaimba vizuri sana, ila ukimwomba aimbe mbele za watu ataanza kutafuta sababu.

Jambo la pili ni daraja la lugha. Ni neno la maandishi zaidi kuliko la mtaani. Utalikuta kwenye riwaya, kwenye wasifu wa watu, kwenye barua ya mwalimu anayemwelezea mwanafunzi wake. Kijana wa Kiingereza akitaka kumtania mwenzake atasema *shy* na maisha yataendelea. Hilo lazima liingie kwenye kitomeo, yaani kidahizo pamoja na maelezo yake yote, maana mwanafunzi wetu akilitumia kwenye mazungumzo ya kawaida ataonekana ameazima koti la babu.

Saa 4

Sasa majirani. Hapa ndipo kamusi nyingi hulala usingizi: zinarundika visawe kana kwamba vyote ni kitu kimoja.

*Timid* ana woga. Kuna kitu anakihofia. *Bashful* anaona haya akitazamwa, na neno hilo huwafaa zaidi watoto na wapenzi wapya. *Modest* anaweza kuujua uwezo wake vizuri kabisa, ila hautangazi. *Reserved* hana shaka yoyote juu yake mwenyewe. Hapendi tu maneno mengi, na ukimwita diffident utakuwa umemwonea.

Wa kuangaliwa sana ni *insecure*, kwa kuwa ndiye wanafunzi humkimbilia. Kwanza ana kazi nyingine nje ya nafsi ya mtu: mpaka usio salama, ajira isiyo na uhakika, vyote ni *insecure*. Pili, mtu *insecure* anaweza kuwa na kelele kuliko wote chumbani. Hujisifu, hupekua simu ya mwenzi wake, hukasirika mwingine akipongezwa. Diffident hana vurugu hizo. Shaka yake inamwelekea yeye mwenyewe, na dalili yake kwa nje ni kujirudisha nyuma: anaanza sentensi kwa “labda nimekosea, lakini”, anakaa kiti cha mwisho, anaacha mwingine ajibu swali ambalo jibu lake analo.

Nitaweka pia onyo kuhusu *indifferent*, kwa sababu kwa macho maneno haya yanafanana na kwa maana yanapigana. *Indifferent* hajali. Diffident anajali mno, na ndiyo maana ulimi unakuwa mzito. Wakikaa kimya wote wawili mkutanoni huwezi kuwatofautisha, jambo ambalo nadhani limewaponza wengi.

Saa 5

Etimolojia. Nakiri hii ndiyo saa ninayoipenda, ingawa wasomaji wengi huiruka sehemu hiyo.

Neno limetoka Kilatini, kitenzi *diffidere*: *dis-* ya kukanusha na *fidere*, kuamini. Kutoamini. Ndugu zake ni *confident*, *fidelity* na *perfidy*. Yupo na binamu wa ajabu, *defy*, aliyepitia Kifaransa cha kale akiwa na maana ya kuvunja kiapo cha utii. Kwa hiyo anayekaidi amri hadharani na anayeogopa kunyosha mkono darasani ni wa ukoo mmoja.

Kinachonivutia ni kwamba zamani Kiingereza kiliuelekeza mshale wa neno hili nje. Diffident alikuwa mtu asiyewaamini *wengine*. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake *Leviathan* cha mwaka 1651, anataja sababu kuu tatu za watu kugombana: ushindani, *diffidence*, na kutaka sifa. Ukiisoma kwa maana ya leo utashangaa: watu wenye soni wanaanzishaje vita? Hobbes alimaanisha kutoaminiana. Simwamini jirani, basi nimuwahi kabla hajaniwahi. Baadaye mshale ukageuka ukamlenga mwenye nao, na maana ya zamani ikabaki vitabuni.

Sisi kugeuza mshale huo ni kazi ya silabi moja. Haamini, hajiamini. Hiyo -ji- inafanya bila jasho kazi ambayo Kiingereza kiliifanya kwa kuihamisha maana yote ya neno.

Saa 6 mchana

Mapumziko. Sina la kusimulia.

Saa 8

Kwa hiyo “asiyejiamini”, tumemaliza? Niliiandika, nikaipima kwa sentensi: *a brilliant but diffident surgeon*. “Daktari wa upasuaji hodari lakini asiyejiamini.” Nani atakubali kulala kwenye meza yake? Nikajaribu “mwenye kusitasita”. Mbaya zaidi, maana huyu anasita akiwa na kisu mkononi. Nikajaribu “asiyejikweza”, akawa mtu mzuri sana, lakini shaka yote ikayeyuka.

Tatizo ni uzito. Kwetu “hajiamini” ni hukumu. Tunaisema kwa mchezaji aliyekosa penalti, kwa mgombea aliyebabaika jukwaani. Diffident mara nyingi husemwa kwa upole, hata kwa kumpenda anayesemwa. Hukosoi sana, unaeleza.

Nikampigia mhariri wetu mkuu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Umekwama wapi?”

“Kwenye diffident. Nikiandika ‘asiyejiamini’ naona nimempiga mtu nyundo.”

“Acha kumpa sifa. Anafanya nini huyo mtu?”

“Anajishuku.”

Akacheka. “Anajishuku ni yule ukitaja wizi anaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Unataka kumweka huyo kwenye kamusi?”

Ana haki. “Mbona unajishuku?” huambiwa mtu aliyechukua maneno ya jumla akadhani yamemlenga yeye. Neno zuri, ila linanuka hatia. Nikalifuta, kwa uchungu kidogo, maana kwa maumbo lilikaa juu ya lile la Kilatini vizuri ajabu.

“Na soni?” nikauliza.

“Soni iweke, lakini isiwe peke yake. Soni ni ya kutazamwa. Huyu ana shaka hata akiwa peke yake.”

Saa 10 alasiri

Nimeamua kukigawa kitomeo mara mbili, maana neno la Kiswahili linalomfaa mtu halilifai tabasamu. Kwa mtu: asiye na hakika na uwezo wake au thamani yake, na kwa hiyo huwa mzito kusema au kujitokeza, mwenye soni. Kwa sauti, tabasamu au namna: -a kusitasita, -a soni. “Tabasamu la soni” limenikaa vizuri. Daktari wetu naye amepata kauli yake: “hodari, ingawa mwenyewe ana shaka na uhodari wake.” Ni ndefu. Lakini naona ni heri maneno manane yaliyo sawa kuliko moja linalomfukuzia daktari wagonjwa.

“Asiyejiamini” nimeibakiza, mwishoni mwa orodha, na alama ya tahadhari kwamba uzito wake ni mkubwa kuliko wa neno la Kiingereza. Mwalimu anaweza kuiondoa. Nitaitetea, kwa kuwa zipo sentensi ambazo hakuna nyingine itakayoingia, hasa zile zinazokuja na *about*: *diffident about his English*, hajiamini kwa Kiingereza chake. Hapo shaka imewekewa mipaka na hukumu inapungua makali.

Zimebaki mbili ndogo. Nomino ni *diffidence*, kielezi ni *diffidently*. Mkazo uko silabi ya kwanza, na hilo nimeliandika kwa herufi nzito kwa ajili ya wanaolitamka kwa haraka mpaka likasikika kama *different*.

Saa 11

Nimetuma. Mwalimu amejibu kabla sijafunga kompyuta: nipunguze etimolojia, nafasi ni ndogo, Hobbes atoke. Nimemwomba amwache hadi kikao cha Ijumaa. Kesho ni *diffract*, na huyo nitawasukumia wanafizikia.