Nilivyoilegeza nobu iliyokwama kwenye mashine ya kufulia ya bibi

Bibi alituachia mashine ya kufulia ya Kimarekani, zile za zamani zenye pipa la duara na roli mbili za mpira juu za kukamulia nguo. Nampenda huyu mzee wa chuma jamani, shuka nzito na mapazia anayafua mpaka basi. Inatumia volti 115 kwa hiyo hapa Magomeni tumeiweka kwenye transfoma ya kushusha, na sababu umeme wetu ni hezi 50 wakati mota yake ni ya hezi 60 inazunguka taratibu kidogo ila inafua.

Mbele kuna nobu, ukivuta panga la ndani linaanza kupiga nguo, ukisukuma panga linasimama ila mota inaendelea maana roli zinaitegemea. Masika yote hatukuitumia, siku naiwasha panga likaanza palepale na nobu haiingii wala haitoki. Sasa utatoaje nguo uzipitishe kwenye roli wakati panga linapiga na mkono wako uko ndani? Nikazima.

Fundi akaja akaniambia "dada, hii tukate tu hiyo nobu tukuwekee swichi ukutani." Nikamwambia kaka yangu, ukizima umeme roli nazo zinasimama, nitakamua na nini? Akasema basi tuipige nyundo. Nikakataa, pale nobu inapoingilia ni alumini ya kusubu, ukiipiga vibaya inapasuka na oili ya gia yote inamwagika.

Nikachomoa waya, nikapiga magoti na tochi ya simu. Kumbe kile chuma cha nobu kipande kilichobaki nje kimeota kutu pande zote kama pete, na nyuma yake grisi ya zamani imeganda imekuwa kama nta. Yaani kila nilipokuwa nasukuma nilikuwa naipeleka kutu kwenye tundu, inazidi kukaza! Kwa hiyo kwanza nikaisugua na msasa laini mpaka chuma kikang'aa, nikafuta, afu ndo nikadondoshea mafuta ya kulegeza kutu, matone machache, asubuhi na jioni, siku mbili. Siku ya tatu nikafuta mafuta yote pakauka, nikaazima drayer ya saluni ya jirani nikapapasha moto taratibu mpaka ile grisi ikaanza kutoka inachuruzika nyeusi. Hapo nikaweka kipande cha mbao juu ya nobu nikagonga kidogo kidogo kama mtu anabisha hodi, huku naitikisa kushoto kulia.

Ikaingia kama milimita mbili. Moyo ulinidunda!

Nikaivuta, ikarudi, nikafuta uchafu, mafuta tena, sukuma vuta, nadhani ilichukua saa nzima mpaka ikawa inateleza, mwisho nikapaka grisi mpya nyembamba tu. Sa hivi hata tusipofua kila wiki naivuta na kuisukuma mara kadhaa, huu unyevu wa Dar unakula chuma.

Jumamosi mama akajaza maji, akatia shuka, akavuta. Zilipotakata akasukuma nobu kwa kidole kimoja, panga likasimama, mota ikaendelea kuunguruma, akageuka akaniambia "mwanangu, njoo ushike huku mwisho", shuka ya kwanza ikaanza kupita kwenye roli.