Mama Alivyomuua Mpelelezi Wangu

Jumamosi moja mwaka wa 2011 tulikutana wanne Buruburu, Nairobi, nyumbani kwa mmoja wetu, tuchague kanuni za mchezo wa kuigiza mezani: kila mtu anabuni mhusika wake, mnasimulia hadithi pamoja, na dadu inaamua yatakayowapata. Hadithi tulikuwa nayo tayari: meli kuukuu ya mizigo, mabaharia wa anga wenye madeni, na sayari ambazo askari wake hawakuachii upite bila kitu kidogo. Nairobi iliyorushwa angani, kwa ufupi. Tulichokosa ni mfumo wa kuamua nani amefaulu na nani ameanguka.

Mwenzetu mhasibu alikuja na kanuni ziitwazo GURPS. Humo unapewa pointi, 100 hivi, ununue nguvu, akili na ujuzi; zikikuishia, unajitwika kasoro, kama woga au uchoyo, upate nyingine. Yeye alistarehe kama anayefunga hesabu za mwaka. Muda wa saa mbili ukapita na hakuna aliyemaliza. Mtu wangu alikuwa kiwete, mchoyo, na bado nilikuwa na pointi 7 nisizojua pa kuzitia.

Mimi nilipigia debe nyingine, Stars Without Number ya Kevin Crawford, iliyotoka mwaka mmoja nyuma na kupatikana bure kwenye intaneti. Shida ni kwamba kwenye mapigano inataka dadu ya pande 20. Yetu, ya pekee, iliyotoka ng'ambo, ilikuwa imepotelea chini ya kochi au tumboni mwa mtoto wa jirani. Hatujui hadi leo. Nikakata vikaratasi 20, nikaviandika nambari, nikavitia kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Ukifyatua bunduki, unatia mkono koponi. Karatasi ya 17 ilishika mafuta, na baada ya nusu saa kila mtu alikuwa anaijua kwa kuipapasa.

Kisha stima zikapotea, na laptopu tuliyosomea kanuni hizo, yenye betri mbovu, ikazima papo hapo.

Tukabaki na mshumaa na kopi zilizofifia za Traveller, ile ya zamani ya Marc Miller, ya mwaka wa 1977. Hakuna aliyekuwa ameitetea. Lakini haitaki kitu ila dadu mbili za kawaida, na ludo ilikuwa pale chini ya televisheni.

Mhusika wa Traveller anaanza na miaka 18. Unamwingiza kazini, na kila awamu ya miaka 4 unarusha dadu kuona kama amepona. Mpelelezi wa anga anahitaji 7 au zaidi. Akikosa, amekufa, na mchezo wenyewe haujaanza. Wangu alikuwa amemaliza awamu mbili salama mama mwenye nyumba alipoingia na chupa ya chai.

"Nyinyi mnacheza kamari nyumbani kwangu?"

"Hapana, mama. Ni hadithi tu."

"Hadithi gani ina dadu?"

Nikamweleza, kisha nikamwomba anirushie. Akaweka chupa chini, akazipuliza dadu kwanza (na huyu ndiye asiyejua kamari!), akarusha. Mbili na tatu.

"Imekuwaje?"

"Amekufa, mama."

"Ala! Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hata 30 hakufika."

"Maskini. Na ameacha nani?"

Tukatazamana. Kwa saa mbili zote za pointi hakuna aliyekuwa ameuliza swali kama hilo.

"Ameacha dada mdogo," nikabuni.

"Basi huyo dada ana kazi. Mafao ya marehemu hayafuatwi kwa siku moja."

Nikageuza karatasi, nikaanza kumwandika dada. Katika Traveller habari haiwezi kuitangulia meli, na kuruka kutoka nyota hadi nyota huchukua kama wiki nzima, kwa hiyo tulikubaliana kwamba barua ya msiba bado iko njiani na yeye hajui kitu. Mhasibu alinuna kidogo, kisha akajaza nyuma ya bahasha jozi zote 36 za dadu mbili. Kumpiga adui kwa kawaida kunataka 8 au zaidi: jozi 15. "Chini ya nusu," akasema, na nilimwona ameanza kupendezwa.

Stima ziliporudi karibu saa nne usiku, hakuna aliyeinuka kuwasha laptopu. Mama akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza kama yule dada ameshalipwa.