Elena Richardson na wema wake wa kudai

Kama hujaiangalia tamthilia ya Little Fires Everywhere na una mpango wa kuiangalia, ishia hapa urudi ukimaliza, maana namwaga kila kitu mpaka nyumba inavyoungua. Japo hilo la nyumba hata wenyewe hawakulificha, ndo wanafungulia tamthilia: jumba la kina Richardson linawaka, Elena, mama wa nyumba hiyo, yuko nje anatazama, anaambiwa moto huu kuna mtu kauwasha makusudi, alafu tunarudishwa nyuma miezi kadhaa tuanze kutafuta ni nani. Watu wengi nikiongea nao wanabaki hapo hapo kwenye nani. Mi nilivyoirudia juzi nilikua namtazama Elena tu na ule wema wake, najiuliza hivi huyu mama kuna kitu amewahi kumpa mtu bila kukiandika kwenye daftari?

Kwa ufupi. Ni mwaka 1997, Shaker Heights, jimbo la Ohio, mji wa wenye nazo ubavuni mwa Cleveland. Mji upo kweli, sio wa kutunga. Ulipangwa mwanzoni mwa karne iliyopita na ndugu wawili matajiri wa reli na viwanja, kina Van Sweringen, kwenye ardhi iliyokua zamani ya watu wa dhehebu la Shaker, na ulipangwa kweli kweli, kwenye kitabu kilichozaa tamthilia hii mpaka nyasi za uani zina urefu wake, zikizidi unapigwa faini. Alafu miaka ya 50, wakati sehemu nyingi Marekani mtu mweusi akinunua nyumba mtaani wazungu wanafungasha, pale mtaa wa Ludlow majirani weusi na weupe wakaunda chama chao 1957 ili watu wasikimbiane. Kwa hiyo ni mji wenye haki ya kujisifia kidogo, na Elena amekulia humo akijua kabisa kwamba yeye ni mtu mzuri, ni kitu alichozaliwa nacho kama macho yake ya bluu, hajawahi kupata sababu ya kukikagua. Celeste Ng aliyeandika kitabu, kilitoka 2017, na yeye amekulia hapo hapo, ndo maana anawachambua kwa upendo na huku anawafinya.

Elena anachezwa na Reese Witherspoon, na sijawahi kumchukia Reese hivi tangu nimjue. Ana mume wakili, anaitwa Bill (Joshua Jackson), watoto wanne, Lexie, Trip, Moody na Izzy, kazi ya uandishi kwenye gazeti la hapo mtaani, na ratiba ya kila kitu. Mvinyo anapima. Mambo ya chumbani na Bill yana siku zake za wiki, na Bill akijaribu siku isiyo yake anakumbushwa.

Sasa anakuja Mia (Kerry Washington, yule Olivia Pope wenu wa Scandal) na binti yake Pearl. Mia ni msanii wa picha, wanahama mji hadi mji, vyombo vyao vyote vinaenea kwenye gari. Na mahali pa kwanza Elena anamuona Mia ni kwenye maegesho, amelala garini na mtoto, na Elena anafanya nini? Anapiga simu polisi. Kwa sauti ya upole kabisa, ati ana wasiwasi nao. Baadae huyo huyo mwanamke anakuja kuulizia nyumba ya kupanga, nyumba ambayo Elena kaachiwa na wazazi wake, na Elena akiunganisha kwamba ni yule yule wa kwenye gari anampa kwa bei ya kutupa bila kumhoji sana, roho yake inatulia. Ameshajilipa deni lake. Alafu siku hazijapita anampigia simu mtu ambaye Mia alimuandika kama mdhamini, na mambo hayaeleweki. Unaona mpangilio ulivyo? Anakupa, alafu anaenda kuangalia kama ulistahili kupewa.

Haitoshi, anampa na kazi. Kupika na kusafisha nyumbani kwake, ila anaiita umeneja wa nyumba. Mia anakasirika kwanza, alafu anarudi anaikubali, kwa sababu Pearl ameshazama kwenye ile nyumba, anashinda kule na kina Moody, anarudi usiku anaongea habari za sofa na za friji lao. Kwa hiyo mtu mmoja ndo mama mwenye nyumba wako, ndo bosi wako, na mwanao anakula kwake kila siku. Aliyewahi kupanga uani kwa mtu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kila kitu kinakua fadhila na hakuna fadhila iliyokwisha.

Wazee walisema tenda wema uende zako. Elena anatenda wema alafu anavuta kiti anakaa.

Na kitu ambacho nimekiona vizuri safari hii, siri zote za familia hizi mbili zinapita kwenye mlango wa msaada. Hakuna anayesikiliza dirishani, hakuna barua iliyookotwa chini ya godoro kama tulivyozoea kwenye tamthilia za Wafilipino. Ona hii: Lexie, binti mkubwa, mwenye kila kitu, anataka kuingia chuo cha Yale na insha yake inatakiwa ieleze shida aliyopitia, shida hana, anachukua ya Pearl, kile kisa cha kunyimwa darasa la hesabu analostahili shuleni, anaiandika kama yake. Si ni rafiki, si anavaa nguo zangu, kuna ubaya gani. Baadae Lexie anapata mimba, anaenda kuitoa, na pale kliniki anaandika jina gani? Pearl Warren. Na anayempokea akitoka, anayemlaza na kumhudumia na kumtunzia siri, ni Mia, mama yake huyo huyo Pearl. Kumbuka hiyo.

Huku upande wa pili kuna Bebe Chow, anafanya kazi na Mia kwenye mgahawa wa Kichina. Bebe ni mhamiaji, hana makaratasi, aliachwa na mwanaume, na wakati hana hata cha kula alimuacha mtoto wake mchanga kituo cha zimamoto. Kuna kipande yuko dukani ananunua maziwa ya kopo, anapungukiwa senti 70, na hakuna wa kumuongezea. Senti sabini! Sasa huyo mtoto, May Ling, yuko kwa Linda McCullough, rafiki yake Elena wa tangu utoto, aliyehangaika kuzaa mimba zikawa zinatoka, na saivi anamuasili na kamuita Mirabelle. Mia anagundua kwa sababu yuko kazini kwa Elena na kazini na Bebe. Anamwambia Bebe. Bebe anatokea kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, mbele ya keki na maputo na wageni wote, na kuanzia hapo ni mahakamani, Bill ndo wakili wa kina McCullough.

Elena akijua kwamba Mia ndo kamfungua macho Bebe, ndo hapo daftari linafunguliwa. Nimekupa nyumba, nimekupa kazi, mwanao anashinda kwangu, na hiki ndo unanilipa. Anaacha familia anasafiri hadi New York kumchimba, kwa kisingizio cha kazi ya gazeti, anamtumia hadi mpenzi wake wa zamani, anafika mpaka kwa wazazi wake Mia. Na anapata: Mia alipokua mwanafunzi wa sanaa hana ada alikubali kuwabebea mimba mke na mume matajiri kwa malipo, kaka yake akafariki katikati, na Mia akawadanganya wale watu kwamba mimba imetoka, akakimbia na tumbo lake. Tumbo ndo Pearl. Hata hilo jina la Warren sio la ukoo, ni jina la huyo kaka yake marehemu. Pearl hajui chochote.

Alafu kliniki. Elena anaenda kumtafutia Bebe kosa kwenye mafaili, kama aliwahi kutoa mimba, ili Linda ashinde kesi. Ya Bebe haioni, anakutana na Pearl Warren. Anaamini hapo hapo, kwa nini asiamini, mtoto wa mama kama yule. Anaenda kumvaa Moody akidhani ni yeye, kumbe Pearl yuko na Trip, kwa hiyo hapo kijana wa watu anavunjwa moyo na mama yake mwenyewe bila kujua. Na Elena anamtafuta Pearl anamwambia ukweli wote wa kuzaliwa kwake. Mtoto wa miaka kumi na kitu. Kwa kosa alilofanya Lexie, akatunziwa siri na Mia. Nilisimamisha hapo nikaenda kuchemsha chai.

Lile jibizano lao ambalo watu wanalisambaza sana ni pale Elena anapomwambia Mia kuhusu kufanya maamuzi mazuri kama mama, na Mia anamjibu kwamba wewe hukufanya maamuzi mazuri, wewe ulikua na machaguo mazuri, umepewa na pesa na weupe wako. Limebeba sizoni nzima. Na kwenye kitabu rangi ya Mia haikutajwa kabisa, ni tamthilia ndo imemfanya mweusi, na mi naona bila hilo lile suala la umeneja wa nyumba lingekua ni mzozo tu wa mtu mwenye nacho na asiyenacho. Hapa Elena anajitetea mpaka na historia ya mji wake, ati sisi wa Shaker hatuna hayo mambo. Kila akisema hivyo anazidi kuzama.

Ila nisimpambe Mia pia. Anakosea, na tamthilia inamuacha akosee. Ile kazi aliichukua ili ampeleleze Pearl, sio kwa shida. Mia alimsaidia Bebe kwa moyo, hadi akauza picha aliyopigwa na mwalimu wake, picha yenyewe ya ujauzito wake, apate hela ya wakili, ila ukweli ni kwamba kesi ya Bebe kwake ilikua kesi yake mwenyewe, mama halisi ni nani, aliyezaa au aliyeandikwa kwenye mkataba. Naye ana daftari, tofauti ni kwamba la kwake analificha. Na Izzy, yule mtoto wa mwisho wa Elena asiyeelewana na mtu mule ndani, Mia anampa muda na kamera na sikio ambavyo Pearl hajawahi kuvipata kirahisi. Pearl anakimbilia kwa Elena apate nyumba isiyohama, Izzy anakimbilia kwa Mia apate mama asiyekosoa. Kila mama ni mtamu kwa mtoto wa mwenzie.

Episodi ya sita ndo bora kuliko zote kwangu. Wanaturudisha ujanani kwao, AnnaSophia Robb anamcheza Elena na Tiffany Boone anamcheza Mia, na yule AnnaSophia kanishangaza, kachukua mpaka jinsi Reese anavyokaza kidevu. Hapo tunajua mimba ya Izzy ilimkuta Elena amepanga kurudi kazini, na hakuitaka. Huwezi kumsamehe ila unaelewa kwa nini kila akimwangalia yule mtoto anaona deni.

Vya kulalamikia vipo. Kerry Washington kuna muda midomo inatetemeka kila tukio, hata akiambiwa chumvi imeisha, na bado alipendekezwa tuzo ya Emmy 2020 (Regina King akaichukua, sawa kabisa). Linda wamemuonea, Rosemarie DeWitt anacheza vizuri mno ila wamempa muda mchache wa kutuonyesha uchungu wake, wakati na yeye ni mama. Lynn Shelton, mmoja wa waongozaji, alifariki Mei 2020, wiki chache baada ya episodi ya mwisho kutoka, na alipendekezwa Emmy akiwa marehemu.

Mwisho sasa. Mahakama inawapa kina McCullough mtoto, Bebe anaingia usiku anamchukua mwanae anatokomea naye. Mia na Pearl wanafukuzwa kwenye nyumba. Izzy anaanza kumwaga mafuta chumbani kwake, mama yake anamkuta, na kwa hasira Elena anamtamkia mtoto wake kwamba hakumtaka tangu mwanzo, mbele ya ndugu zake. Izzy anaondoka. Na wanaomalizia kuchoma nyumba ni wale watatu waliobaki, Lexie, Trip na Moody, watoto wa utaratibu. Kwenye kitabu alikua Izzy peke yake, na nilisikia watu wamekasirika kwa kubadilishwa, mi nimependa, maana Izzy kuchoma ingekua mambo yale yale ya mtoto mtukutu.

Elena akiulizwa nani kawasha moto anasema ni yeye. Nilivyoiona nikasema haya, leo ndo katoa kitu ambacho hawezi kuja kumdai mtu. Rafiki yangu hataki hata kusikia hiyo. Anasema hata pale Elena kajitwalia, watoto wamefanya jambo lao la kwanza wenyewe maishani na mama kaweka jina lake juu yake, kama Lexie na insha. Tumebishana mpaka bando limeisha na hajanikubalia, na nilivyorudi kuangalia uso wa Reese pale anapotamka, jamani, kuna kitu kama fahari kidogo.