Damu ya Ndugu wa Mgonjwa

Kila inapotangazwa kwamba akiba ya damu imekwisha, lawama huwaangukia kwanza watu wa vijijini, kwamba wanaogopa sindano na kushikilia imani potofu. Siikubali lawama hiyo. Mgonjwa wao anapolazwa, ndugu hufika wenyewe na kukunja mikono ya mashati. Tatizo ni kwamba wanaitwa wakati saa zimekwisha kuyoyoma.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Katika muda huo huo familia inaambiwa ilete watu wa kuchangia, nao wapimwe wingi wa damu, kundi lao, VVU, homa ya ini aina ya B na C pamoja na kaswende, kisha damu yenyewe ilinganishwe na ya mgonjwa. Mmoja akikutwa na upungufu wa damu na mwingine na homa ya ini, msako huanza upya. Asiye na ndugu karibu hutafuta mtu wa kumlipa, ambaye atajiita binamu na kuficha historia ya afya yake ili asiikose pesa. Kwangu mimi, huo ndio udhaifu mkubwa wa kuwategemea ndugu.

Kuweka akiba nako si kazi nyepesi. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6 kwa siku 35 au 42, kulingana na kihifadhi kilichomo katika mfuko, kwa hiyo kituo ambacho umeme wake hauaminiki hakiwezi kuzitunza hata kikigawiwa.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi maskini hadi asilimia 54 ya huduma za kuongezewa damu huwaendea walio chini ya miaka 5, wengi wao wakiwa wamekaushwa damu na malaria. Malaria hupanda na mvua. Wachangiaji wa hiari, kwa upande wao, mara nyingi ni wanafunzi, na shule zikifungwa mifuko huadimika.

Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kabla ya kampeni nyingine ya kuwaelimisha wanavijiji, ningependa kuona orodha ya wachangiaji watu wazima wanaoitwa kwa zamu, hata wakati wa likizo, na jokofu la umeme wa jua katika kila kituo kinachofanya upasuaji wa uzazi.