Krismasi aliyoipanga Baba

Nimesikia wengi wakisema mzazi anajitesa bure kupanga kumbukumbu za watoto wake, kwamba mtoto atabeba lake alilolichagua mwenyewe. Mimi sikubaliani nao. Krismasi ya mwaka 1983, kwetu Marangu, Baba aliipanga tangu Novemba, na mpaka leo ninayoyakumbuka ni yaleyale aliyotaka niyakumbuke.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote walimwita Mwalimu, hata bibi aliyemzaa. Walioishi Tanzania ya wakati ule hawahitaji kuelezwa. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Tulikula ugali wa unga wa njano wa mahindi kutoka Marekani, ambao watu waliuita Yanga kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huohuo serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mtu mwenye sukari kilo chache za halali alizila kwa kujificha. Duka la kijiji lilifunguliwa kila asubuhi, likafungwa jioni, na katikati hapakuwa na cha kununua.

Lakini Baba alikuwa na Krismasi yake moyoni. Alizaliwa miaka ya 1940, na utotoni mwake kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na bei. Mwaka 1954 bei ilipanda sana, na wazee wengi wa Uchagani wakaezeka nyumba kwa bati kwa fedha walizolipwa kupitia chama chao cha ushirika, KNCU. Babu alirudi nyumbani na kaptula za kaki na viatu kwa watoto wote. Tuliisikia hadithi hiyo mara nyingi: harufu ya kaki mpya ambayo haijafuliwa, chai yenye sukari, mbuzi aliyechinjwa mgombani, tarumbeta za kanisani. Kwa Baba, kumnyima mtoto sikukuu ya namna ile ilikuwa kama kumnyima kihamba, shamba la urithi la ukoo.

Kwetu kahawa ilikuwepo mitini mwaka 1983, na nyingine ilikuwa imeshauzwa. Malipo ndiyo hayakufika.

Kisha mwezi Novemba redio ikatangaza kwamba mpaka wa Kenya umefunguliwa. Ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, mwaka uliovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka yote hiyo wapo waliopita njia za panya usiku wakarudi na mafuta ya kupikia na sabuni. Baba hakupita hata mara moja. Mwalimu akikamatwa na magendo atasimama vipi tena mbele ya darasa? Siku ile ya tangazo alizima redio ili asimalize betri, akachukua daftari la maandalio ya somo, akaketi mezani na kibatari. Wanafunzi wa ualimu wanalijua andalio la somo: lengo, vifaa, hatua, tathmini. Baba aliandika Krismasi yetu kwa mtindo huo. Nililiona mwenyewe daftari lile. Kwenye lengo aliandika: "Watoto waweze kuisimulia siku hii wakiwa watu wazima."

Kwenye vifaa aliandika sukari, mchele, mafuta ya kupikia ya Kimbo, kitambaa, mbuzi.

Vitatu vya kwanza vilipatikana Taveta, upande wa Kenya. Mama na shangazi walikata mikungu ya ndizi kihambani, wakateremka nayo hadi Himo, kisha Holili, wakavuka. Ndizi ziliuzwa gulioni kwa shilingi za Kenya, na shilingi hizohizo zikanunua vitu palepale, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kubadilisha fedha. Kwetu gulio lilikuwa la wanawake. Mwanamume aliyebeba ndizi kwenda sokoni alitazamwa mara mbili. Baba alibeba. Alirudi jioni viatu vimejaa tope jekundu la mvua za vuli, kopo la Kimbo kwapani, akaliweka katikati ya meza, akatuita tulitazame. Hakutuficha kitu chochote. Hili nalithamini sana, maana wazazi wengi huficha maandalizi ili mtoto ashtukizwe siku yenyewe. Baba alitaka tungoje kwa kujua tunachokingoja.

Kitambaa ndicho kilichochelewa. Siku chache kabla ya sikukuu duka la kijiji lilipata mgao, jora za aina moja tu, bluu yenye maua meupe. Kila kaya ilipimiwa kwa idadi ya watoto. Fundi cherehani pale barabarani alishona mchana na usiku, magauni kwa wasichana na mashati kwa wavulana, na vipande vilivyobaki akatengeneza vilemba vya watoto wachanga. Mama alisikitika kwamba tungefanana na kila mtu. Baba akamwambia, "Mama Eli, hawa watatambuana hata wakikutana Ulaya."

Mkesha wa sikukuu baba mdogo aliwasili kutoka Dar es Salaam, kwa garimoshi hadi Moshi, akiwa na khanga ya Urafiki kwa ajili ya bibi. Bibi alikuwa ameshapika mbege, pombe yetu ya kienyeji, na harufu ya ulezi na ndizi mbivu ilijaa ua mzima.

Jumapili ile, tarehe 25, Baba alituamsha alfajiri. Siku za vuli Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana asubuhi na mapema, jua likipanda kidogo mawingu yanaufunika mlima mpaka jioni. Alitupanga uani tukiwa tumejifunika mablanketi, tukaitazama theluji ikigeuka kutoka kijivu hadi rangi ya waridi. Hakusema neno. Ndipo tukaingia ndani kunywa chai, naye akashika bakuli la sukari. Bibi alitiliwa wa kwanza. Kila mtoto alipata vijiko vitatu, na Baba alihesabu kwa sauti.

Kanisani watoto wa usharika walikaa mbele, na mabenchi yote yalikuwa bluu yenye maua meupe. Tarumbeta zilipopigwa niligeuka kumtafuta Baba. Alikuwa anatutazama sisi, si madhabahu. Uso ule ninao bado.

Mbuzi alichinjwa mgombani, na wanaume wakagawa nyama kwa desturi, kila kipande na mwenyewe. Mama alipika mtori wa ndizi za mshare, na mchele wa Taveta ukakaangwa kwa Kimbo na vitunguu. Watoto wa majirani walikuja, tukala kwenye sinia moja, nguo moja.

Usiku, wageni walipoondoka, Baba alituketisha jikoni. Akasema kila mmoja aisimulie siku yote, kuanzia mlima. Nilianza mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Nilipoliruka tope la njiani alinirudisha. Nilipokosea mpangilio wa ibada alinirudisha. Mdogo wangu alipofika kwenye chai alisema, "Tukanywa chai na sukari nyingi."

"Vijiko vingapi?" Baba akauliza.

"Vitatu."

"Sema vitatu."

Akasema vitatu. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alisinzia kabla ya zamu yake, ikabidi asimulie kesho yake asubuhi akiwa juu ya mgongo wa shangazi. Bibi naye alidai zamu. Alianza na siku aliyoanika ulezi, wiki nzima nyuma, na Baba, ambaye hakuwahi kumkatiza mama yake, aliketi akasikiliza yote huku akiandika kwenye sehemu ya tathmini.

Mwaka 1984 bidhaa zilianza kurudi madukani, kwa kuwa serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza vitu kutoka nje. Krismasi zilizofuata zilikuwa na soda, biskuti, viatu vya dukani. Zote zilikuwa njema. Lakini tukikutana ndugu, inayosimuliwa ni ile ya 1983, na hatujawahi kubishana juu ya jambo hata moja.