Mzee akibadilika ghafla, anza na kikombe cha maji

Dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na akili, hasa ile ya Alzheimer, hutambaa. Bibi anaanza kwa kuuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijapoa, mwaka unapita, anaanza kuikosa njia ya chooni. Lakini kama juzi alikuwa anakutania kama kawaida, na leo anaongea na ukuta, hakutambui, analala mchana kutwa au anapiga kelele usiku kucha, mara nyingi hiyo si hatua mpya ya ugonjwa. Ugonjwa huu kwa kawaida hauruki namna hiyo kati ya Jumanne na Alhamisi. Kuna kitu kingine mwilini, na mara nyingi kinatibika.

Nyumba nyingi hapo husema "ugonjwa umezidi" na kukaa kimya. Nyingine, na hii ni mbaya zaidi, huanza kutafuta nani kamroga, au bibi mwenyewe ndiye anayeitwa mchawi kwa sababu anaongea peke yake gizani. Kabla ya yote hayo, angalia alikunywa nini tangu asubuhi.

Hapa Dodoma hewa ni kavu, na kuanzia Juni upepo hauna simile. Jasho linakauka kabla hujaliona. Uzeeni kiu hupungua yenyewe. Ukiongeza dimensia, hata akisikia kiu hajui aiiteje wala maji yako wapi. Halafu kuna jambo tunalolifanya wenyewe: tunambania maji ili asikojoe kitandani, maana shuka za kila siku zinamaliza madumu na bombani maji ni ya mgao. Hesabu hiyo inaeleweka, ila inatugeukia. Mkojo ukikolea unawasha kibofu, kwa hiyo anakojoa kidogo kidogo na mara nyingi zaidi, vijidudu vinapata nafasi, choo kinakuwa kigumu, na akili inavurugika. Godoro linaendelea kulowa.

Lengo ni kama lita moja na nusu kwa siku, yaani vikombe sita vya mililita 250, uji na chai vikiwemo. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, kipimo chake akitoe daktari. Vigawe: saa moja asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na cha mwisho kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usimuulize "unataka maji?" kwa sababu jibu litakuwa hapana. Mwekee kikombe mkononi, kaa naye, kunywa na wewe chako. Kikombe kiwe cha rangi kali, chekundu kwa mfano. Maji kwenye bilauri ya kioo huenda hata hayaoni. Akikataa maji, tikiti na juisi ya ubuyu navyo vinahesabika.

Kujua kama yanatosha, tazama mkojo: ukifanana na chai ya rangi, hayatoshi. Angalia pia ulimi na kwapa kama ni vikavu. Kile kipimo cha kuvuta ngozi ya mkono kiache, ngozi ya mzee imelegea hata akiwa amekunywa vizuri.

Chooni mpeleke kila baada ya saa mbili akiwa macho, na tena kabla ya kulala, bila kusubiri aombe. Kama choo kiko nje uani, usiku mwekee ndoo au kiti chenye tundu chumbani, karibu na kitanda, mahali palepale kila siku.

Kwenye daftari, andika vikombe alivyokunywa na siku aliyopata choo kikubwa. Siku tatu bila choo zinatosha kumvuruga mzee kabisa. Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wazoefu: anaanza kuharisha maji maji kidogo kidogo, mnampa dawa ya kuzuia kuharisha, kumbe choo kigumu kimeziba chini na hayo maji yanapenya pembeni yake. Dawa inazidi kuziba. Kama aliharisha baada ya siku kadhaa za kukosa choo, apimwe kwanza. Kwa kuzuia, mlenda, papai na kutembea kidogo uani vinasaidia. Mlenda una faida nyingine: unalainisha ugali kwa mtu anayemeza kwa shida. Alishwe akiwa ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula.

Kisha fungua mfuko wa dawa. Wa kwanza kushukiwa ni Piriton, ambayo watu hununua duka la dawa kwa ajili ya mafua, au ili tu bibi alale. Inakausha mdomo, inafunga choo, inaweza kuzuia mkojo, na kwa ubongo wa dimensia inaongeza mkanganyiko. Vidonge vya usingizi kama Valium navyo humfanya ayumbe na kuanguka. Hata hivyo usimkatishe ghafla dawa aliyoizoea muda mrefu. Muulize daktari namna ya kuipunguza.

Yote hayo yasikucheleweshe. Mabadiliko ya ghafla yanataka hospitali siku hiyohiyo: mkojo, malaria, sukari, presha, mapafu. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila mwili kuchemka, kwa hiyo "hana homa" si sababu ya kusubiri. Kama aliwahi kuanguka au kujigonga kichwa, hata wiki kadhaa zilizopita, liseme; damu huweza kuvuja taratibu ikabana ubongo. Na maneno ya kuanzia yana uzito. Ukisema "ana dimensia", anayekupokea anaweza kuona jibu limeshapatikana. Sema "amebadilika tangu Jumanne", kisha toa dawa zote na lile daftari la choo na vikombe.

Kwa ambaye hajawahi kuchunguzwa kabisa, omba vipimo vya vitamini B12, tezi ya thairoidi, kaswende na VVU, maana upungufu au maradhi hayo yote huweza kuleta usahaulifu na yana tiba. Mirembe, kwa jinsi jina lake lilivyogeuzwa kuwa tusi mitaani, familia huikwepa miaka mingi. Ni hospitali ya afya ya akili, na usahaulifu ni kazi yao.

Inabaki jioni. Jua likizama hapa giza halichelewi, vivuli vinatambaa ukutani, na ndipo wasiwasi unapoanza. Washa taa saa kumi na moja na nusu, kabla hajaanza kutafuta vitu, na uwe na taa ya sola kwa ajili ya umeme kukatika. Kibatari kiondoke. Juni na Julai, baridi ikikaza, jiko la mkaa lisilale naye chumbani. Moshi wake usioonekana unaua.

Atasema anataka kwenda nyumbani. Ukimwambia "hapa ndiyo nyumbani" umeanzisha ugomvi. Pengine atalisema kwa Kigogo, kwa sababu lugha ya utotoni mara nyingi hubaki ya mwisho. Dada wa kazi aliyetoka mkoa mwingine ajifunze walau salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", na maneno ya maji, choo na maumivu. Muulize huko nyumbani kuna nani, wanalima uwele au mtama, huku mkizunguka uwanja taratibu mara mbili tatu. Geti liwe na komeo la juu kabisa, nje ya upeo wa macho yake, lakini asifungiwe ndani peke yake hata dakika kumi. Namba ya simu ishonwe kwenye pindo la gauni kwa ndani, na vijana wa bodaboda wa kijiweni wamjue kwa sura. Mkimaliza mzunguko, mpitishe chooni, mkalishe, mpe kikombe cha sita.