Leza kwenye nyumba ya chokaa: ninavyoitunza mashine yangu Mji Mkongwe

Kijitabu kilichokuja na mashine yangu ya kuchonga kwa leza kinataka maji ya kupozea tyubu, yaani bomba la kioo linalotoa mwanga wa leza, yawe nyuzi 18. Ukikifuata hapa Unguja mwezi wa Machi, tyubu inatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Mashine yangu ni ya leza ya kaboni dayoksaidi, wati 60, lenzi ya milimita 20, nayo imo chumba cha chini katika nyumba ya mawe na chokaa. Kazi zake ni zile zile za maduka ya hapa: vibao vya hoteli, vishikio vya funguo vya akriliki, visanduku vya viungo, vifuu vya nazi. Kazi hizo haziiui mashine. Kinachoiua ni unyevu, chumvi ya bahari, na ule unga mweupe unaodondoka ukutani usiku kucha. Ndiyo maana ratiba yangu ya usafi haifanani na ya kijitabu.

Naanza na jasho, kwa sababu ndilo linaloleta hasara kubwa. Kitu chochote kilicho baridi kuliko kiwango cha umande hushika matone. Kukijua kiwango hicho kuna hesabu nyepesi: chukua joto la chumba, halafu toa nyuzi 1 kwa kila asilimia 5 ambayo unyevu umepungua kutoka 100. Chumba kikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, pungufu ni 25, kwa hiyo unatoa nyuzi 5; umande unaanza nyuzi 25. Siku kama hiyo chila, yaani kifaa cha kupoza maji ya tyubu, naiweka 27. Tyubu inatoa nguvu pungufu kidogo, nami nafidia kwa kupunguza mwendo wa kichwa kinachobeba lenzi, si kwa kupandisha umeme. Umeme wa tyubu hauvuki miliampia 18. Nikifunga milango na kiyoyozi kikashusha chumba hadi nyuzi 26 na unyevu asilimia 60, umande unateremka hadi 18, na hapo maji nayapeleka 21. Maji yakigonga 30 nasimamisha kazi. Kipima unyevu kidogo cha betri nimekitundika pembeni ya mashine, na nakisoma kila asubuhi kabla ya kugusa swichi. Chila ya feni tupu, isiyo na gesi, haitoi jasho kwa kuwa haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, lakini kwa tyubu ya wati 60 wakati wa kaskazi haitoshi.

Jasho hilo likikutana na chumvi kwenye ncha ya waya mwekundu wa tyubu, ambako umeme unafika volti 20,000 hivi, cheche hutafuta njia ya kwenda kwenye mwili wa chuma wa mashine. Utasikia mlio wa tch-tch, utanusa harufu kali kama ya hewa baada ya radi, na mchongo utakatikakatika. Hapo nachomoa plagi, naiacha mashine itulie dakika 15 ili umeme uliobaki uishe, kisha nafungua. Nafuta ncha ya tyubu kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, nasubiri ikauke kabisa, ndipo napaka silikoni upya na kuiacha saa 24. Silikoni yenye harufu ya siki, ile ya kuzibia mabafu, usiitumie. Asidi yake inakula shaba ya waya, na baada ya muda utarudi pale pale na tatizo kubwa zaidi. Iko ya aina isiyo na asidi, omba hiyo.

Maji ya bomba nayo siyatii ndani. Maji yetu ya Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na ya visima vilivyo karibu na pwani yana chumvi juu yake. Yanaacha ukoko ndani ya tyubu na yanapitisha umeme. Natumia maji ya betri yaliyo safi, lita 6 zinanitosha. Lakini soma lebo: madukani hayo hukaa rafu moja na tindikali ya betri, na madumu yanafanana. Nabadilisha kila wiki 6, na mipira ya maji nimeivika gamba jeusi kwa sababu mwanga ukiingia kijani huota haraka katika joto hili. Baada ya kubadilisha, natazama kama kuna povu limebaki ndani ya tyubu. Maji yaingie chini, yatoke juu. Povu likikwama upande unaopata moto, kioo hupasuka. Nainua upande mmoja wa mashine kwa kibao hadi povu litoke, basi.

Lenzi na vioo vitatu vya kurudisha mwanga ndivyo vinavyoguswa mara nyingi na kuharibiwa mara nyingi. Nikichoma vifuu, lenzi naiangalia kila baada ya saa 2, kwa kuwa kifuu kina lami inayonata kuliko mbao. Akriliki pekee, mara moja kwa siku. Natumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji na inaacha doa. Spiriti iliyotiwa rangi, ya duka la vifaa, ni mbaya zaidi, rangi yake yote inabaki juu ya lenzi. Nanunua chupa ndogo na kuifunga papo hapo, maana spiriti safi hunywa unyevu wa hewa.

Kwanza napuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira. Hatua hii usiiruke: unga wa chokaa ukiusugua ni kama msasa. Halafu naweka karatasi laini isiyo na manukato juu ya lenzi, natonesha tone 1, na kuiburuta karatasi mara moja kuelekea kwangu. Doa likibaki, karatasi mpya, tone jipya. Sisugui mviringo, sirudii karatasi, na lenzi naishika pembeni tu. Vioo navisafisha kwa kijiti cha pamba kilicholowa, nikikizungusha polepole bila kukandamiza. Lenzi inarudi na upande uliobinuka juu, ulio bapa ukitazama kazi. Ukigeuza, mchongo unakuwa mnene na utadhani tyubu imechoka. Lenzi hiyo ya rangi ya manjano ni zinki selenaidi, na vumbi lake ni sumu. Ikipasuka, vaa glavu, okota vipande kwa selotepu, funga kwenye mfuko.

Mkosaji mwingine wa lenzi ni kopresa, pampu inayopuliza hewa kwenye kazi. Inavuta hewa ile ile yenye unyevu, inaikandamiza, na maji yanatoka kwenye pua kama mate, moja kwa moja chini ya lenzi ya moto. Nimeweka chujio la kutegea maji katikati ya mpira, na kila asubuhi nafungua kizibo chake. Wakati wa masika nafungua na adhuhuri pia.

Reli za kichwa nazifuta kila Ijumaa baada ya sala kwa kitambaa kikavu, kisha napaka mafuta ya cherehani kidogo sana, kiasi cha kuacha mng'ao. Kwenye vitelezi vyenye gololi natia grisi ya lithiamu, kila miezi 3. Mafuta ya nazi yananata na kukusanya vumbi, hata kama fundi wa baiskeli anakuapia.

Feni ya moshi naishusha kila wiki 2. Masizi yaliyochanganyika na lami ya vifuu ni kuni. Pangaboi nalikwangua kwa kibao cha plastiki na kulifuta kwa maji moto na sabuni. Bomba langu linapanda hadi juu ya paa, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na moshi wote ungeingia dirishani kwa jirani. Feni ikizimwa, upepo wa kusi unarudi kupitia bomba hilo hilo ukiwa na chumvi, unatua kwenye vioo usiku. Kwa hiyo kila jioni naziba mdomo wa ndani kwa tambara, na tambara limefungwa utepe mwekundu unaoning'inia mbele ya swichi ili nisiliwashie feni likiwamo.

Kitanda cha sega, ile meza yenye matundu inayobeba kazi, ni alumini. Nakiloweka kwenye maji moto na sabuni ya vyombo saa 1 na kusugua. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yanang'arisha chuma, lakini alumini yanaila.

Mteja akileta mkoba wa reksini au kipande cha ngozi nisichokijua, nachoma ncha ya waya wa shaba hadi iwe nyekundu, naigusisha, kisha naurudisha waya motoni. Moto ukigeuka kijani, ndani mna klorini, na moshi wake unakula reli, vioo na mapafu yako. Kazi hiyo naikataa, bei yoyote.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nafungua kifuniko mara moja ili moshi usitue kwenye lenzi, nazima kila swichi, na sichomeki hadi umeme uliorudi utulie kwenye stabilaiza. Mtungi wa kuzimia moto ulio mlangoni ni wa gesi. Wa unga ungezima moto na kuimaliza mashine.